Kuhamisha matairi ya gari nyumbani: vifaa gani vinunuliwe kwanza, na mpangilio upi ni sahihi?

Mkazi wa Nyegezi

Habari za leo, wadau. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa vitendo.

Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2005, yenye nati 4 kwa kila gurudumu na inayovutwa na magurudumu ya mbele. Siku za kazi natoka Nyegezi, hapa Mwanza, kwenda mjini kati kwa Barabara ya Kenyatta, na mara nyingi mwisho wa wiki navuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kuwaona wazazi. Tangu daraja hilo lifunguliwe mwaka 2025, safari ambazo zamani tuliziahirisha kwa kuogopa foleni ya kivuko zimekuwa jambo la kawaida, na kilomita zinaongezeka upesi.

Matairi yote 4 niliyafunga yakiwa mapya, kwa pamoja, ya aina na saizi moja. Hivi sasa kashata (michoro ya mpira inayokanyaga barabara) za matairi ya mbele zimepungua waziwazi, hali ya nyuma bado ni nzuri. Niliwahi kuhamishiwa matairi na kijana mmoja mwenye kibanda cha pancha, akakaza nati kwa mashine ya upepo. Baadaye nikapata pancha njia ya Usagara, nikashindwa kulegeza hata nati moja kwa wili spana iliyokuja na gari, mpaka dereva wa lori aliposimama na kunisaidia kwa bomba refu. Tangu siku ile nimeazimia kuifanya kazi hii mwenyewe, ili nijue nati zangu zimekazwa kwa kiasi gani.

Maswali yangu ni haya. Je, jeki iliyokuja na gari inatosha, au ni lazima ninunue kubwa? Kwa kuwa siwezi kununua vifaa vyote kwa mara moja, kipi kitangulie? Tairi la mbele kushoto liende wapi? Nyumbani kwangu hakuna sakafu ya zege. Uwanja ni wa changarawe juu ya udongo, na una mteremko kidogo, kama zilivyo nyua nyingi za jiji letu la miamba. Tairi la spea ni zima na lina saizi sawa na mengine.

Fundi wa Igoma

Dada, nitaanza na uwanja wako, kwa sababu ndio unaoamua jeki ya kununua, na watu wengi hununua jeki kabla ya kuitazama ardhi watakayoiweka.

Jeki kubwa ya troli, ile ndefu yenye magurudumu madogo ya chuma, ni nzuri sana juu ya zege. Inaponyanyua, kichwa chake hupanda kwa kuzunguka kama upinde, hivyo jeki yenyewe hulazimika kusogea kidogo ili kichwa kibaki palepale chini ya gari. Juu ya changarawe magurudumu yale huzama na kukwama. Jeki ikishindwa kusogea, hulivuta gari pembeni. Kwa uwanja wa changarawe, jeki ya kuzungusha kwa mkono iliyokuja na gari, ikiwekwa juu ya ubao mgumu wa upana wa sentimita 30 hivi kila upande na unene wa sentimita 4 au 5, ni salama kuliko troli iliyozama. Ni ya polepole, lakini inatosha kunyanyua kona moja moja. Fedha ya troli itunze kwa sasa.

Mteremko ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Tafuta sehemu tambarare, hata kama ni kuomba nafasi kwa jirani mwenye uwanja ulionyooka. Kumbuka kwamba gari lako likiwa kwenye P, gia hufunga magurudumu ya mbele tu, na breki ya mkono hufunga ya nyuma tu. Ukinyanyua gurudumu moja la mbele, ile P haikusaidii tena, kwa sababu difu (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) huruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka upande mmoja huku la chini likizunguka upande wa pili. Wakati huo gari limeshikwa na breki ya mkono peke yake. Ukinyanyua la nyuma, breki ya mkono inabaki na gurudumu moja, na kazi kubwa inafanywa na P. Kwa hiyo weka vyote viwili, kisha weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu lililo kona ya mshazari na ile unayonyanyua. Kabari iwe ya mbao iliyochongwa mshazari. Mawe hapa Mwanza tunayo tele, na ndiyo madereva wengi huyaokota, lakini jiwe la mviringo hubiringika pamoja na tairi.

Sasa vifaa, kwa mpangilio ambao mimi ningevinunua. Cha kwanza ni stendi za jeki, angalau moja na ikiwezekana mbili, zenye uwezo wa tani 2 au zaidi na kitako kipana. Jeki imetengenezwa kunyanyua. Stendi ndiyo iliyotengenezwa kubeba. Nayo iwekwe juu ya ubao, karibu na jeki, chini ya ukingo ulioimarishwa, ikiwa imebakiza nafasi ndogo tu kugusa. Kama huna stendi siku hiyo, lilaze tairi ulilolitoa chini ya ukingo wa gari ili jeki ikiteleza, bodi iangukie tairi na si mguu wako. Wala usiingize kichwa au mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kama ni kuokota nati iliyobiringika.

Cha pili ni spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu ya kukaza. Nunua ya nusu inchi ambayo kipimo chake kinafika angalau 150 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Pamoja nayo nunua soketi ndefu namba 21, yenye pembe 6 na si 12, kwa kuwa ya pembe 6 hushika nati kwa uso mpana na haiziparuzi kona zake. Cha tatu ni mkono mrefu wa kulegezea, wa sentimita 60 hivi, ambao ungekuokoa siku ile ya Usagara. Spana ya toki usiitumie kulegeza kamwe. Ni kifaa cha kupimia, na nguvu ya kung'oa nati iliyogoma huiharibu. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kabla ya kuihifadhi, ili springi ya ndani isichoke. Vya mwisho ni geji ya upepo na brashi ya waya, ambavyo ni vya bei ndogo.

Mahali pa kuweka jeki pasikisiwe. Piga goti, utazame ukingo wa chuma ulio chini ya milango. Nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, utaona mikato miwili midogo kwenye ukingo huo. Katikati ya mikato hiyo ndipo chuma kilipoongezwa unene, na ndipo kichwa cha jeki kinapokaa. Nje ya hapo, ukingo hupinda na kutu huanzia hapohapo.

Fundi wa Igoma

Naendelea na mpangilio, maana jibu la kwanza lilikuwa refu.

Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, matairi ya mbele hurudi nyuma upande uleule, na ya nyuma huja mbele kwa kupishana: la nyuma kushoto huja mbele kulia, la nyuma kulia huja mbele kushoto. Sababu ya mbele kuisha upesi ni kwamba magurudumu hayo yanavuta gari, yanakata kona na yanabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, wakati ya nyuma yanafuata tu.

Kwa kuwa spea yako ina saizi sawa, huhitaji kulinyanyua gari lote. Andika kwa chaki kwenye ubavu wa kila tairi mahali lilipotoka, kisha fuata mzunguko huu. Nyanyua mbele kushoto, toa tairi, funga spea kwa muda, shusha. Nenda nyuma kushoto, toa tairi la hapo, funga lile ulilolitoa mbele kushoto. La nyuma kushoto lipeleke mbele kulia. La mbele kulia lipeleke nyuma kulia. La nyuma kulia ndilo linalorudi mbele kushoto, mahali ulipoweka spea. Umenyanyua mara 5, kona moja kila mara, na muda wote gari limesimama kwenye magurudumu 3. Ikiwa spea ni ile nyembamba ya dharura yenye maandishi ya kilomita 80 kwa saa, bado inaweza kusaidia kama kishikizo wakati gari limesimama, lakini haiingii kwenye mzunguko.

Nati zilegezwe nusu mzunguko kabla ya kunyanyua, gurudumu likiwa bado chini. Ukiitoa rimu, safisha uso wa habu, yaani kitovu ambacho rimu hukalia, kwa brashi ya waya mpaka kutu na matope makavu yaishe. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya pwani, lakini matope ya masika yanayokaukia pale yanatosha kuifanya rimu isikae sawasawa, na nati zilizokazwa juu ya uchafu hulegea pindi uchafu huo unapopondeka. Usipake grisi wala oili kwenye bolti: nati yenye oili huteleza, na spana itaonyesha kiasi sahihi huku bolti ikiwa imevutwa kupita kiasi. Anza kila nati kwa vidole, upande wa koni ukielekea kwenye rimu, na kama haizunguki kwa vidole, itoe uanze upya, kwa maana nati iliyolazimishwa kwa spana huharibu hesi (mikunjo ya skrubu) za bolti. Zisogeze mpaka ziguse, shusha gari, halafu kaza kwa kupishana, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, kwa hatua mbili. Toyota nyingi ndogo za abiria, Corolla ikiwemo, hukazwa kwa 103 Nm. Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Spana ikilia mara moja, basi, inatosha.

Dereva wa Hiace, Kisesa

Fundi amesema vizuri, nami naongeza kwa walio na magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace zetu na Hilux nyingi. Kwetu mambo yanageuka: matairi ya nyuma huja mbele upande uleule, na ya mbele ndiyo yanayokwenda nyuma kwa kupishana. Na kabla ya mtu yeyote kupisha matairi, atazame ubavu wa tairi. Akiona mshale wa mwelekeo, tairi hilo halihamishwi kutoka kulia kwenda kushoto isipokuwa livuliwe kwenye rimu na kugeuzwa. Lihame mbele na nyuma, upande wake uleule. Mpangilio wa kashata zile ni wa kusukuma maji pembeni, na likizunguka kinyume, kazi hiyo haifanyiki inavyotakiwa kwenye lami yenye maji.

Dada wa Nyegezi, hukutuambia kashata zimepungua sehemu gani, na mimi ningependa kujua hilo kabla ya yote. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kurudi nje. Zikiwa zimeliwa kingo zote mbili na katikati kukabaki, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo. Katikati kukiwa kumeliwa, upepo ni mwingi. Ukingo mmoja tu ukiwa umeisha, au kiganja kikiteleza vizuri upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine, hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa. Mabonde na vilima vinavyofuatana kuzunguka tairi mara nyingi ni shokapu zilizochoka. Kuhamisha matairi hakutibu hata moja kati ya hayo. Kunachofanya ni kulipeleka tairi bovu nyuma na kuleta zima mbele likaliwe vilevile, na nimeona watu wakimaliza seti nzima kwa njia hiyo huku wakiamini wanaitunza.

Mwanachama wa Pasiansi

Kwa heshima zote, mimi sioni haja ya usumbufu huu. Matairi ya mbele yakiisha, nanunua mawili mapya, nayafunga mbele kwenye usukani ambako ndiko kwenye kazi, na safari inaendelea. Ya nyuma yanafuata tu, kama fundi mwenyewe alivyosema.

Fundi wa Igoma

Kaka wa Pasiansi, kununua mawili mawili si kosa, lakini kuyafunga mapya mbele na kuacha yaliyochoka nyuma ni hatari, na hili naomba tulizungumze kwa uzito wake kwa kuwa mafundi wengi tu wanalifanya. Watengenezaji wa matairi wanashauri mapya yafungwe nyuma, hata kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye mvua, tairi lenye kashata fupi ndilo linaloanza kuelea juu ya maji. Mbele kukielea, usukani unakuwa mwepesi, gari linataka kwenda moja kwa moja, na dereva akiachia mafuta taratibu kwa kawaida hulirudisha. Nyuma kukielea ndani ya kona, mkia wa gari hutoka na gari huzunguka kabla dereva wa kawaida hajajua afanye nini. Ukilipitisha gari la namna hiyo kwenye kona za kushuka kilimani wakati wa vuli au masika, matairi mapya ya mbele hayatakusaidia.

Faida ya kuhamisha kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ndiyo hiyo: matairi 4 yanachakaa kwa pamoja, na hufiki hali ya kuwa na mawili mazuri na mawili mabovu. Zile nundu ndogo zilizo chini ya mifereji ya kashata zina kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana nazo, tairi limekwisha, na halistahili kuhamishwa popote. Tazama pia tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa wanaonunua matairi ya mtumba hili ni la lazima, maana tairi linaweza kuwa na kashata ndefu na mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa ubavuni.

Mkazi wa Nyegezi

Ahsanteni sana. Nimepitisha kiganja kama nilivyoelekezwa. Kingo zote mbili za matairi ya mbele zimeliwa kuliko katikati, na nilipopima kwa geji ya kuazima, upepo ulikuwa chini ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kwa hiyo tatizo langu la kwanza ni upepo, na nimelirekebisha matairi yakiwa ya baridi. Nimebaki na swali moja. Stendi nimezipata, lakini spana ya toki itanibidi niisubiri hadi mwisho wa mwezi. Je, kuna namna ya kukaza kwa wili spana na kuwa na uhakika wa kiasi?

Mwalimu wa Fizikia, Ilemela

Dada, uhakika kamili hautaupata, ila unaweza kukaribia kwa hesabu. 103 Nm ni sawa na uzito wa kilo 10.5 unaoning'inia kwenye mkono wa spana wenye urefu wa mita 1. Mkono ukiwa wa sentimita 50, unahitaji kilo 21. Ukiwa wa sentimita 30, unahitaji kilo 35. Pima kwa rula urefu wa wili spana yako kutoka katikati ya nati hadi mahali unapobonyeza, halafu gawanya 10.5 kwa urefu huo ukiwa katika mita. Kisha weka mizani ya bafuni juu ya meza, uibonyeze kwa mikono miwili mpaka isome kilo hizo, urudie hadi mikono yako izoee. Spana iwe mlalo wakati wa kukaza, na ubonyeze chini taratibu bila kurusha mwili.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini kupanda juu ya spana kwa miguu ni kosa. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye mkono wa sentimita 30 anakaza kwa takriban 206 Nm, yaani mara mbili ya kiasi kinachotakiwa, na bolti inayovutwa hivyo mara kwa mara hurefuka na siku moja hukatika. Mashine ya upepo isiyodhibitiwa inaweza kupita hata hapo, na ndiyo maana nati zako zilikugomea.

Fundi wa Igoma

Njia ya mwalimu inafaa kwa sasa, ila spana ikifika, zilegeze nati moja moja na kuzikaza upya kwa kipimo, maana spana ikilia kwenye nati iliyokwisha kukazwa kupita kiasi haikuambii kwamba imepita.

Ukishahamisha matairi, rekebisha upepo upya kwa kufuata kibandiko, kwa sababu magari mengine yana kiasi tofauti mbele na nyuma. Gari likianza kuvuta upande mmoja baada ya kuhamisha, ilhali kabla halikuvuta, badilishana matairi mawili ya mbele kushoto na kulia, mradi hayana mshale. Mvuto ukihamia upande wa pili, chanzo ni tairi, na ukibaki palepale, lipeleke gari alaimenti. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, magurudumu yakiwa yamepoa. Kwako safari moja ya Sengerema inatosha, kwa hiyo ibebe spana kwenye buti, na asubuhi kabla ya kuanza kurudi, pitia nati zote 16.